Kutoa ni Moyo, Lakini ni Mali ya Nani?

Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Hatuna neno la kupinga hapo. Lakini leo nataka tuiongezee mithali hiyo swali moja, nalo sikulitunga mimi. Nilifunzwa na mwanafunzi. Ili mpate kulielewa, yafaa kwanza twende Kilwa Kisiwani.

Mtu avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko huona magofu ya msikiti mkuu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Akienda upande wa mashariki, juu ya genge lielekealo bahari, huona magofu ya jumba la Husuni Kubwa. Jumba hilo ni la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, naye ndiye aliyeupanua msikiti ule. Zamani zake dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa, na sarafu yake moja ya shaba imeonekana mbali sana, katika magofu ya Zimbabwe. Watu walimwita Abu'l-Mawahib, maana yake Baba wa Zawadi.

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri mashuhuri, Ibn Battuta wa Moroko. Aliandika kwamba Sultani huyo alikuwa mnyenyekevu, akiketi na mafakiri na kula nao. Siku moja ya Ijumaa, Sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemeni alimzuia njiani, akaomba apewe nguo zile zile alizozivaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa ile ile, na Sultani akakubali tena. Akarudi ndani, akavaa nguo nyingine, akampa zile. Watu wakamsifu mno. Mwana wa Sultani akazichukua nguo zile kwa fakiri, akampa badala yake watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyopendezwa, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo 2 ya pembe za ndovu.

Baada yake alitawala ndugu yake Daud, ambaye tabia yake ilikuwa kinyume. Mwombaji akija, alijibiwa kwamba mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, kisha wakapewa kidogo tu, hata watu wakaacha kuujia mlango wake.

Miaka mingi nilifundisha habari hii kama somo la ukarimu: mfuate al-Hasan, msimfuate Daud. Siku moja kijana aliyekaa nyuma ya darasa akasimama, akasema, "Bwana Mwalimu, na wale watu 20, ni nani aliyewauliza?"

Darasa likanyamaza. Nilitaka kumjibu kwamba kila zama na desturi zake, lakini sikuweza. Maana Ibn Battuta huyo huyo asema kwamba Sultani alikuwa akienda mara kwa mara kushambulia nchi za jirani na kuleta nyara. Tena sisi wa Kilwa na Lindi twajua vizuri kuliko wengine jambo hili lilivyoendelea. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa, na misafara ilishuka huko kutoka pande za Ziwa Nyasa. Usafirishaji wa watumwa baharini ulikatazwa kwa mkataba wa mwaka 1873, uliotiwa sahihi na Sultani Barghash wa Unguja, na utumwa wenyewe ukafutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Wahenga wa baadhi ya watoto wale waliokuwa mbele yangu walifika pwani hii wakiwa wamefungwa kamba. Ningewaambiaje kwamba zawadi ile ilikuwa njema tupu?

Nguo zilikuwa zake Sultani, na alipozivua alitoa kilicho chake. Hapo alistahili sifa. Lakini uhuru wa watu 20 haukuwa wake hata kidogo, ingawa sheria za siku zile zilimruhusu.

Kilwa hiyo hiyo yatupa mfano wa pili, nao hausimuliwi sana. Msikiti mkuu uliwahi kuanguka, ukakaa hali ya magofu muda mrefu. Katika karne ya 15, zamani za Sultani Sulaiman aliyeitwa al-Adil, alitokea mtu jina lake Haji Rush, akaomba ruhusa aujenge upya kwa mali yake mwenyewe. Sultani akampa mithkali 1,000 za dhahabu, yaani yapata kilo 4, aitumie hiyo. Haji Rush hakutaka, lakini alishauriwa azipokee, asije akanyimwa ruhusa. Basi akazipokea, akaziweka, akajenga kwa fedha yake. Habari za kale za Kilwa zasema kwamba Sultani alipokufa, Haji Rush aliirudisha dhahabu yote kwa warithi wake.

Fikirini, ndugu zangu. Aliyetoa amekufa. Msikiti umesimama, na kila mtu angesadiki kwamba dhahabu imeishia katika chokaa na mawe. Hata hivyo aliirudisha.

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu palikuwa na mvuvi mzee aliyewekewa fedha ya mchango wa paa la shule. Mwaka ule upepo wa kusi ulimpotezea nyavu zake, na nyumbani kwake walilala kwa uji wa muhogo. Majirani walimwambia akope kidogo katika mchango, atarudisha samaki wakipatikana. Akajibu, "Hiyo si yangu ya kukopa." Mabati yalinunuliwa, na siku ya kuhesabu haikupungua hata senti moja. Hakuna aliyempigia vigelegele.

Lakini siku hizi kijana hurudi kutoka mjini, akatunza ngomani noti juu ya noti, watu wakamwita mkarimu, na kumbe ni fedha aliyokabidhiwa kulipia karo ya mdogo wake. Tusifanye haraka kusifu. Tukimwona mtu anatoa, tutazame na wale ambao mali imetoka mikononi mwao. Na sisi wenyewe, kabla ya kunyosha mkono kutoa, tujiulize kama alivyouliza yule kijana: hiki ni cha nani, naye ameulizwa?

Mkijaliwa kufika Kisiwani, itazameni Husuni Kubwa, maana ni kazi ya kustaajabisha. Kisha ingieni katika msikiti mkuu, mwangalie nguzo na matao yaliyosalia, mkamkumbuke mtu aliyejenga kwa mali yake na kurudisha isiyo yake. Kwaherini.