Vanga: Soko Lililoutangulia Mpaka

Msafiri atokaye Mombasa akishika njia ya kusini, hupita Ukunda na Msambweni hata akafika Lunga Lunga, mahali pa kugongewa pasi. Wengi huvuka hapo wakaenda zao Tanga. Ni wachache wapindao kushoto kuifuata njia ya baharini, na mwisho wa njia hiyo ndipo ilipo Vanga: mji mdogo uliokumbatiwa na mikoko, ambao maji ya bamvua yakijaa huwa jirani wa milango.

Soko lake ni la samaki kabla ya yote. Wavuvi wa dago huja na pepo zao, wengine kutoka Pemba, na wachuuzi huwangojea ufukweni. Mwendo mfupi kusini ni Jimbo, kisha mpaka, kisha Jasini na Moa za Tanzania. Wadigo, Wasegeju na Wavumba wana jamaa pande zote mbili, na mgeni akisikiliza bei zikikatwa, hawezi kutambua kwa sikio lake ni nani mwenyeji na ni nani aliyevuka asubuhi ile.

Mji huu haukuzaliwa na mpaka. Katika pwani hiyo hiyo yako magofu ya Vumba Kuu, kiti cha kale cha Wavumba, ambao watawala wao waliitwa madiwani. Mtu hakuwa diwani kamili kwa kurithi tu. Ilimlazimu kuwalisha watu karamu na kupigiwa siwa mbele ya kaumu. A. C. Hollis, mtumishi wa serikali ya Kiingereza, alizikusanya habari hizo akazichapisha mwaka 1900. Azisomaye leo ataona kwamba mamlaka ya Vumba yalipimwa kwa watu waliokubali kuja karamuni, wala si kwa mstari uliopigwa ardhini.

Mstari ulikuja baadaye, nao ulipigwa mbali. Katika Oktoba na Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana bara: mpaka uanzie mlango wa mto Umba, uende ziwa Jipe, uzunguke Kilimanjaro upande wa kaskazini, ukomee ziwa Nyanza. Umba hushuka kutoka milima ya Usambara na kumwaga maji yake Vanga. Mto uliounganisha mlima na bahari ukageuzwa alama ya kutenganisha. Mwambao wenyewe, kwa upana wa maili kumi, aliachiwa Sayyid Barghash, ingawa alichoachiwa kilikuwa jina zaidi ya mali. Mwaka 1887 aliikodisha pwani ya kaskazini kwa kampuni ya Waingereza. Mwaka uliofuata Sayyid Khalifa akaikodisha ya kusini kwa kampuni ya Wadachi, na Pangani ikawaka moto chini ya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Desemba 1889. Mwaka 1890 Wadachi walipewa pwani ile moja kwa moja, na Sultani akalipwa marki milioni nne.

Tangu hapo pande mbili za Umba zikawa na bwana mbalimbali. Kaskazini bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea, japo amri zilitoka kwa Mwingereza, hata mwaka 1963 Kenya ilipopata uhuru. Katika mapatano ya 1893 mwanzo wa mpaka uliwekwa Ras Jimbo, kusini ya mto, na Vanga na mlango wake wakabaki mikononi mwa Waingereza. Hapana mtu wa Vanga aliyeulizwa.

Hata hivyo, watu wa pwani hawakukawia kujua kwamba ukuta waweza pia kuwa kivuli. Mbaruk bin Rashid wa Gasi, mkuu wa Mazrui, alipozidiwa na Waingereza katika vita vilivyoanza 1895, alivuka na wafuasi wake mwezi wa Aprili 1896, akajisalimisha kwa Wadachi. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Lakini mpaka uliomhifadhi yeye uliwaita wengine vitani. Tarehe 18 na 19 Januari 1915, huko Jasini, majeshi ya Lettow-Vorbeck yaliwashinda askari wa Kihindi waliokuwa wakiishika kambi hiyo kwa niaba ya Waingereza. Ushindi ule ulimgharimu maofisa na risasi nyingi mno, hata akaamua kuhama kwenye vita vya uso kwa uso na kushika vile vya kuvizia. Mpaka ulikuja kufungwa tena zama za uhuru: kuanzia 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, hadi 1983. Kwa miaka hiyo sita, kikapu kilichokuwa biashara jana kiliitwa magendo.

Lugha ndiyo iliyokataa kufungwa. Vanga imo kati ya Kimvita cha Mombasa na Kimtang'ata cha Tanga, nayo ina lahaja yake, Kivumba. Wazee wengi huihesabu Mrima kuanzia sehemu hizi kwenda kusini, kwa hiyo palikuwa na mpaka wa kale hapa, lakini ulikuwa mpaka wa matamshi na wa majina, usio na askari wala ushuru. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alipoitungia vita vya Wadachi utenzi wake maarufu, aliyoililia ni Mrima, neno lisilomo katika ramani ya serikali yoyote. Leo Muyaka huhesabiwa mshairi wa Kenya na Shaaban Robert wa Tanzania. Katika soko la Vanga, ambapo Mombasa na Tanga ni jirani wawili wa mlango mmoja, mgawo huo una maana ndogo.

Mwaka 2019 watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu walianza mradi wa kuilinda mikoko na kuuza hewa ukaa, ili fedha zirudi vijijini. Ni jambo jema, na mikoko yenyewe inaendelea hadi upande wa pili bila kuuliza. Lakini kuna kingine cha kulindwa. Mapatano ya mpaka yaliandika kila rasi na kila kijito kuanzia Ras Jimbo. Kivumba kilipata kijitabu cha H. E. Lambert mwaka 1957, na Vumba Kuu imeachiwa majani na mizizi. Vijana wa mji husoma Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, nao wana haki ya kukisoma. Bibi zao wangali wana maneno ambayo kamusi hazina. Maneno hayo yangali yanasikika sokoni asubuhi, mashua zinapoingia. Anayetaka kuyaandika na awahi, kabla hayajaondoka na wenyewe.