Waislamu wa Rwanda na Dharau Iliyotoka Ofisini

Mnyarwanda Mwislamu wa mwaka 1950 alihesabiwa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Aliitwa Mswahili hata kama babu yake alikuwa mkulima wa kilimani asiyewahi kuiona bahari. Makazi yake yalikuwa katika mitaa iliyotengwa, Biryogo mjini Kigali na mingine kama hiyo Rwamagana na Astrida, mji ambao leo ni Huye. Mtoto wake alipofika kwenye mlango wa shule aliulizwa kwanza kuhusu ubatizo. Nusu karne baadaye Rwanda hiyohiyo ilikuwa na mawaziri Waislamu, Idd el Fitr ilikuwa sikukuu ya taifa, na Biryogo ilitajwa kwa heshima hata na watu ambao wazazi wao wasingekubali kula huko. Mabadiliko haya husimuliwa kwa sentensi moja: Waislamu waliwaficha Watutsi mwaka 1994, basi watu wakawapenda. Kuna ukweli mkubwa ndani yake, lakini sentensi hiyo inaruka swali ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Dharau ya mwanzo ilitoka wapi? Ninavyoisoma historia hii, ilitoka ofisini, parokiani na shuleni kabla haijafika vinywani mwa majirani. Asiyeiona asili hiyo hataelewa kwa nini Waislamu wengi walitenda walivyotenda siku za mauaji ya kimbari, wala kwa nini heshima waliyoipata baadaye bado inahitaji kulindwa.

Uislamu haukuingia Rwanda kwa upanga wala kwa mahubiri makubwa. Ulifika mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na makarani, askari, wapagazi na wafanyabiashara waliotoka upande wa Tanganyika na kuambatana na utawala wa Kijerumani. Richard Kandt alianzisha kituo chake Kigali mwaka 1907, na kufikia 1913 msikiti wa kwanza ulikuwa umesimama Nyamirambo. Wakati huo wamisionari Wakatoliki wa Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha kutangulia, kwa kuwa walifika Save Februari 1900. Shirika lao liliasisiwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, mtu aliyejulikana Ulaya nzima kwa kampeni yake dhidi ya biashara ya utumwa, na katika kampeni hiyo Mwislamu alichorwa kama mkamata watumwa. Biashara ile ilikuwepo kweli, na Ujiji na Tabora ni mashahidi wake; hakuna sababu ya kuificha. Lakini ufalme wa Rwanda ulikuwa umewazuia wafanyabiashara wa pwani kwa muda mrefu, na misafara ya watumwa haikupata nafasi kubwa huko. Kwa hiyo mashtaka yaliyotungwa kwa ajili ya mahali pengine yalibebwa hadi Rwanda na kuwekwa juu ya karani na fundi cherehani ambao hawakumkamata mtu yeyote.

Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916 na baadaye kuitawala kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, waliikabidhi elimu kwa wamisionari. Shule kubwa ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 chini ya mabruda Wakatoliki, ndiyo iliyowatoa makarani, matabibu wasaidizi na machifu wa kizazi kipya. Mfalme Musinga, aliyekataa ubatizo, aliondolewa mwaka 1931. Mwanawe Mutara Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 aliiweka nchi nzima wakfu kwa Kristo Mfalme. Kufikia hapo kuwa Mnyarwanda kamili na kuwa Mkristo vilikuwa karibu kitu kimoja. Mwislamu alibaki nje ya shule, na kwa kuwa alikuwa nje ya shule alibaki nje ya ofisi. Akashika kazi zilizosalia: udereva, umakanika, ushonaji, uchinjaji, uchuuzi. Kisha kazi hizohizo zikageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake, kwamba ni mtu asiye na shamba wala ng'ombe, mjanja wa mjini, mwongo. Atakayesema kwamba wakulima wa kila nchi huwashuku wachuuzi hatakosea sana. Lakini mkulima hakuwa na uwezo wa kumnyima mtoto wa mwenzake shule, wala kuuzungushia mtaa mpaka. Uwezo huo ulikuwa wa serikali na misheni, nao waliutumia.

Uhuru wa 1962 haukuondoa jambo hilo. Rais wa kwanza, Grégoire Kayibanda, alisoma seminari na alikuwa mhariri wa gazeti la kanisa, Kinyamateka. Katika vurugu zilizotangulia uhuru, mtaa wa Waislamu wa Rwamagana na msikiti wake vilichomwa moto, na familia nyingi zikakimbilia nchi jirani. Waislamu waliobaki waliunda jumuiya yao, AMUR, mwaka 1964, na chini ya Rais Juvénal Habyarimana walipata nafuu kidogo, hasa baada ya Libya kusaidia ujenzi wa kituo cha Kiislamu Nyamirambo. Hata hivyo mlango wa madaraka haukuwafungukia. Katika miaka hiyohiyo Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa kwa muda mrefu katika Kamati Kuu ya chama tawala cha MRND. Sensa ya 1991 iliwahesabu Waislamu kuwa asilimia 1.2 tu ya wananchi.

Tufike sasa 1994. Kati ya Aprili na Julai waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa takriban 800,000, wengi wao Watutsi, na serikali ya Rwanda huhesabu zaidi ya milioni moja. Watutsi wengi walikimbilia makanisani, kwa sababu katika machafuko ya 1959 na ya miaka iliyofuata makanisa yaliwaokoa. Safari hii Nyamata, Ntarama na Nyarubuye yakawa machinjio. Huko Nyange padri wa parokia, Athanase Seromba, alishiriki katika kuliangusha kanisa kwa tingatinga juu ya vichwa vya waumini wake, na mahakama ya kimataifa ya Arusha ikamhukumu. Katika mitaa ya Waislamu mambo mengi yalikwenda njia nyingine. Biryogo na Nyamirambo watu walifichwa majumbani, wakapitishwa nyumba kwa nyumba, wakalishwa kwa siri na wenyeji waliojua wazi kwamba adhabu ya kumficha Mtutsi ni kifo. Mabare, mashariki ya nchi, Waislamu waliokuwa Wahutu kwa vitambulisho vyao walikataa kuwatoa Watutsi waliokimbilia kwao, wakapigana na wavamizi, na wengi wao wakafa papo hapo. Masheikh walikuwa wamehubiri misikitini kwamba kumwaga damu isiyo na hatia ni haramu na kwamba muumini hana kabila mbele ya Mungu. Maneno kama hayo yalisikika pia katika baadhi ya makanisa. Tofauti ni kwamba msikitini yalisemwa na watu wasiokuwa na cheo serikalini cha kukilinda, kwa waumini waliokuwa wameoana, wamekaa mtaa mmoja na kudharauliwa kwa jina moja, awe Mhutu au Mtutsi. Msomi Timothy Longman, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu Ukristo na mauaji ya kimbari, ameonyesha jinsi urafiki wa muda mrefu wa makanisa na dola ulivyowafanya wauaji wajione wana baraka. Hesabu hiyohiyo ikisomwa kutoka upande wa pili, inaeleza habari za Biryogo.

Kuna pingamizi hapa, na ni la haki. Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura, gazeti lililochapa amri kumi za chuki dhidi ya Watutsi mnamo Desemba 1990, alikuwa Mwislamu. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003, na baada ya rufaa akabaki na kifungo cha miaka 35. Wapo Waislamu wengine walioua, na wapo Watutsi Waislamu waliouawa bila msikiti kuwaokoa. Anayesimulia historia hii kama hadithi ya malaika anaidhulumu, na mbaya zaidi anawapa wenye chuki nafasi ya kuibomoa yote kwa jina moja. Lakini Ngeze anaithibitisha hoja yangu kuliko anavyoipinga: alikuwa Mwislamu aliyetoka pembezoni akaenda kukaa karibu kabisa na wenye nguvu, na akasema lugha yao. Pingamizi la pili ni kwamba jamii ndogo hushikamana kirahisi. Waadventista nao walikuwa wachache, ila mchungaji wao mkuu wa Mugonero, Elizaphan Ntakirutimana, alihukumiwa kwa kuwasaidia wauaji wa watu waliomkimbilia. Mashahidi wa Yehova, walioikataa siasa kabisa, walikataa pia kuua. Uchache peke yake hautoshi kueleza. Umbali na dola unaeleza zaidi.

Baada ya Julai 1994 sifa za Waislamu zilienea kwa mdomo, kutoka kwa waliofichwa. Wengine walisilimu. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakaandika kwamba Rwanda inageuka kuwa nchi ya Kiislamu, na takwimu za kuzidi asilimia kumi zikatajwa bila aibu. Sensa hazikubaliani nazo: asilimia 1.8 mwaka 2002, asilimia 2.0 mwaka 2012. Wapo wanaotumia tofauti hiyo kusema kwamba mabadiliko yenyewe yalikuwa porojo. Mimi naona kinyume. Ingekuwa nusu ya nchi imesilimu, heshima kwa Waislamu isingekuwa na ajabu, maana kila mtu hujiheshimu. Lililotokea ni kubwa zaidi: watu asilimia 98 walibaki na imani zao, au bila imani, na bado walibadili namna ya kumtazama jirani yao. Inasemwa pia kwamba baadhi ya waliosilimu walikuwa wakitafuta kinga, Mtutsi akihofia mauaji kurudi na Mhutu akitaka jina lake lisafike. Inawezekana sana. Lakini hakuna anayejificha chini ya jina linalodharauliwa, kwa hiyo hata waliosilimu kwa hofu ni ushahidi wa mabadiliko.

Serikali mpya nayo ilifanya sehemu yake, na ilikuwa na sababu zake, kwa kuwa ilihitaji mifano ya Wanyarwanda waliokataa ukabila. Sheikh Musa Fazil Harerimana alikuwa waziri wa usalama wa ndani kwa takriban miaka 10 kuanzia 2006. Chama chake, PDI, kilizaliwa na neno la Kiislamu katika jina lake, kikalibadili mwaka 2003 katiba ilipokataza vyama vya kidini. Mwaka 2017 Kiswahili, lugha iliyowahi kuwa alama ya mtu wa mitaa iliyotengwa, kilipitishwa bungeni kuwa lugha rasmi. Kuna watakaosema hayo ni siasa tu. Ni siasa, ndiyo, na dharau ya kwanza pia ilikuwa siasa. Iliyofungwa na ofisi hufunguliwa na ofisi.

Ninachokihofia ni heshima hii kugeuka malipo. Mwaka 2018 wakuu wa wilaya ya Nyarugenge, Kigali, walipiga marufuku vipaza sauti vya adhana kwa sababu ya kelele, mwaka uleule mamia ya makanisa ya Kigali yalipofungwa kwa kutotimiza masharti ya majengo. Amri hizo hazikuwalenga Waislamu peke yao, na sioni haki kuziita mateso. Ila mjadala ulioibuka ulionyesha jinsi watetezi wa Waislamu wanavyokimbilia haraka kuwakumbusha wengine waliyotenda mwaka 1994, kana kwamba haki ya kuabudu ni nishani. Mtoto wa Biryogo aliyenyimwa shule mwaka 1950 alikuwa na haki ileile, na hakuwa ameokoa mtu.

Wazee waliofungua milango yao mwaka 1994 wanaondoka mmoja mmoja. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuwahusu iko kwa Kiingereza na Kifaransa, ilhali wengi wao huzungumza Kiswahili tangu utotoni. Vyuo vikuu vya Kigali, Bujumbura, Dar es Salaam na Nairobi vina wanafunzi wa historia na wa Kiswahili wanaotafuta mada za utafiti. Waende Mabare na Nyamirambo sasa, wakaandike simulizi hizo kwa lugha ya wenyewe, na wawaulize pia kuhusu miaka ya kabla ya 1994.