Neno ‘bastola’ lilikotoka, na ile iliyomfikisha Kimathi kitanzini

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kibirichia. Asubuhi moja ya baridi ile inayojulikana na kila aliyewahi kuchimba viazi huko kwetu, mpwa wangu alikuja tukanywa chai. Anafuga ng’ombe wa maziwa, na kwa muda sasa halali vizuri kwa kuhofia wezi wa mifugo. Akaniuliza: “Mjomba, nataka bastola moja tu, ya kizamani, ya chuma kitupu, nikae nayo hadi nizeeke. Nichukue gani?”

Swali la silaha anaulizwa profesa wa Kiswahili! Nikamwambia habari za chuma sina, za neno ninazo. Akacheka, lakini hakuondoka. Basi nikaanzia hapo.

Maneno yetu mengi ya silaha za moto yalikuja kwa bahari. Risasi ni Kiarabu, na maana yake ya asili ni madini ya risasi yenyewe. Baruti imepitia kwa Waturuki na Waarabu. Bunduki ina hadithi ndefu zaidi. Wapo wanaoihusisha na Venice, mji ambao Waarabu huuita al-Bunduqiyya, wakidhani silaha hizo zilitoka huko. Mimi nakubaliana na wanaosema kwamba bunduq kwa Kiarabu ni aina ya njugu, kisha likawa jina la kijiwe cha mviringo cha kurushia ndege, na mwisho likakihamia chombo chenyewe. Hiyo njugu nayo ilipata jina lake kwa Wagiriki, walioiita pontikon, yaani ya Ponto, kando ya Bahari Nyeusi.

Shika hiyo p iliyogeuka b. Ndiyo inayonifanya niwashuku wanaosema bastola tuliipata moja kwa moja kwa Wareno. Wareno walisema pistola, na Mswahili hana shida yoyote na sauti p. Padri tulimchukua na p yake, na parafujo vilevile. Kwa nini basi hii iwe b? Jibu langu ni kwamba neno lilipita kwanza katika kinywa kisicho na p, na Kiarabu hakina. Huo ni ushahidi wa sauti tu, na mwenye hoja nzito kuliko hii anilete chini.

Mpwa wangu akasema, “Sawa, Mjomba, lakini Webley je?” Kumbe alikuwa amekwisha kuchagua. Na hapo nikalazimika kuacha isimu.

Webley ni bastola ya Birmingham, Uingereza. Jeshi la Waingereza lilianza kuitumia mwaka 1887, ikasambaa katika himaya yote, kwa maafisa na polisi. Ni ya silinda yenye vyumba sita. Ukifungua lachi yake, inakunjika katikati kama mtu anayeinama, na maganda yote sita yanasukumwa nje kwa mpigo mmoja. Haina mambo mengi ya kuharibika, ndiyo maana zipo zilizodumu kuliko wenyewe. Kwa mtu anayetaka chuma cha maisha, siwezi kusema amekosea.

Lakini katika historia yetu bastola hiyo ina kesi yake. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi ya paja akakamatwa kando ya msitu huko Nyeri, amevaa ngozi ya chui. Kesi yake ilianza tarehe 19 Novemba mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O’Connor. Watu wengi hudhani alishtakiwa kwa mauaji au uasi. La. Mashtaka yalikuwa mawili: kumiliki bastola aina ya Webley Scott, ya .38, kinyume cha sheria. Na kuwa na risasi zake sita. Alijitetea kwamba alikuwa anatoka kwenda kujisalimisha. Tarehe 27 akahukumiwa kifo, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, chuma hicho na vijirisasi vyake vilitosha.

Wapiganaji wenyewe walilifahamu hilo, wakavificha vitu hivyo ndani ya maneno. Risasi waliziita makara, yaani makaa. Bastola ikawa kamwaki, kijimoto. Sisi Wameru, ambao moto kwetu ni mwanki, hatukuhitaji mkalimani.

Tena si wengi waliobahatika kuwa na Webley. Wengi walijitengenezea: bomba la maji likawa mtutu, mti ukachongwa kitako, komeo la mlango likawa nyundo ya kugonga risasi, likivutwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Nyingine zilipasuka mikononi mwa wenyewe. Nyumba ya babu yangu ilikuwa na mlango usio na komeo, matundu ya misumari tu. Tulipokuwa watoto tulimuuliza baba limekwenda wapi, akajibu, “Liliingia msituni.” Hakusema zaidi, na babu hakuwahi kuweka jingine hadi alipofariki. Usiku aliegemeza kinu.

Desemba 1963, uhuru ulipopatikana, wapiganaji walitoka msituni wakakusanyika Ruring’u, Nyeri, kusalimisha silaha. Kwetu Meru, Musa Mwariama alitoka na kupiga picha na Kenyatta. Baimungi, aliyekuwa naye, hakuridhika na walichopewa; mapema 1965 aliuawa na vikosi vya serikali ile ile aliyoipigania. Kuweka silaha chini, au kubaki nayo, hakujawahi kuwa jambo dogo katika mlima huu.

“Kwa hiyo nisinunue?” mpwa wangu akauliza, sauti imebadilika kidogo. Sikusema hivyo. Nilimkumbusha tu kwamba chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti ni cha mwaka mmoja mmoja, na ni Bodi ya Leseni inayoamua. Hiyo “maisha” anayoisema atakuwa anaiomba upya kila mwaka. Na ng’ombe wako zizini, mita hamsini kutoka kitandani kwake. Mwizi wa usiku haji peke yake.

Akamaliza chai. Kabla ya kuondoka alikwenda akautazama ule mlango wa babu, ambao siku hizi tunaufungia stoo ya viazi, akapitisha kidole kwenye yale matundu. Juzi dada yangu amenipigia simu: kijana ameagiza mlango wa chuma wa zizi. Fomu za bastola pia ameshachukua, ila hajazijaza.