Homa ya uti wa mgongo: Kipimo cha dawa na saa ya kuitoa

MTU mzima anapofikishwa hospitalini akiwa na joto jingi, kichwa kinachouma kupita kiasi, shingo iliyokakamaa na fahamu zilizoanza kupotea, shaka ya kwanza ya daktari huwa ni homa ya uti wa mgongo. Tangu dakika hiyo mambo mawili huchangia pakubwa kuamua hatima ya mgonjwa: dozi ya dawa anayopewa, na saa ambapo dawa hiyo inaingia mwilini.

Jina la maradhi haya huwapotosha wengi. Hayashambulii mifupa ya mgongo, bali ngozi nyembamba zinazofunika ubongo na ugwemgongo, pamoja na maji yaliyo kati ya ngozi hizo. Huweza kuletwa na virusi, kuvu au kifua kikuu, lakini ya bakteria ndiyo huua kwa kasi zaidi, wakati mwingine katika muda wa saa 24.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, takriban mtu 1 kati ya kila 6 wanaougua aina hii ya bakteria hufariki, na 1 kati ya kila 5 hubaki na madhara makubwa, yakiwemo uziwi na kifafa.

Si lazima dalili zote zijitokeze pamoja. Utafiti uliochapishwa nchini Uholanzi mwaka 2004 ulionyesha kuwa chini ya nusu ya watu wazima waliougua walikuwa na joto, shingo ngumu na fahamu zilizovurugika kwa wakati mmoja. Anayesubiri dalili zikamilike hupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Kwa nini dozi ni kubwa

Ubongo umezingirwa na kizuizi kinachochuja vinavyotoka kwenye damu. Kizuizi hicho huulinda dhidi ya sumu, lakini pia huzuia sehemu kubwa ya dawa. Ndiyo maana mtu mwenye nimonia ya kawaida huweza kutibiwa kwa gramu 1 au 2 za seftriaksoni kwa siku, ilhali mwenye homa ya uti wa mgongo huhitaji gramu 2 kila baada ya saa 12, yaani gramu 4 kwa siku.

Ngozi za ubongo zinapovimba, kizuizi hulegea na dawa hupenya kwa urahisi zaidi. Uvimbe unapopungua, mlango huo huanza kujifunga tena. Kwa hivyo daktari hapunguzi dozi eti kwa kuwa mgonjwa ameketi kitandani na kuomba uji. Akifanya hivyo, bakteria waliosalia huenda wakapata nafasi ya kuzaana upya. Kwa sababu iyo hiyo, sindano hazibadilishwi kwa vidonge vya kumezwa nyumbani ili kitanda kipatikane.

Dawa na vipimo vyake

Seftriaksoni ndiyo nguzo ya matibabu. Badala yake huweza kutumiwa sefotaksimu, gramu 2 kila baada ya saa 4 hadi 6, kwa kuwa hiyo hutoka mwilini upesi.

Palipo na hofu kuwa bakteria wa numokoka wamekuwa sugu, huongezwa vankomaisini, miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzani, kila baada ya saa 8 hadi 12. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni miligramu 900 hadi 1,200 kwa kila dozi. Dawa hii huweza kuumiza figo, hivyo kiwango chake katika damu hupimwa.

Wenye umri wa zaidi ya miaka 50, waja wazito na wenye kinga dhaifu huongezewa ampisilini, gramu 2 kila baada ya saa 4. Sababu ni kwamba makundi hayo hushambuliwa na bakteria aitwaye listeria, ambaye seftriaksoni haimdhuru hata ikitolewa kwa wingi. Baadhi ya miongozo, ukiwemo wa Uingereza, huanzia umri wa miaka 60.

Maabara ikithibitisha kuwa bakteria anauawa na penisilini, mgonjwa huweza kupewa yuniti milioni 4 kila baada ya saa 4. Asiyeweza kutumia dawa za jamii ya penisilini kwa sababu ya mzio mkali huweza kupewa kloramfenikoli, miligramu 25 kwa kila kilo kila baada ya saa 6.

Figo zikiwa dhaifu, dozi za ampisilini, penisilini na vankomaisini hurekebishwa. Ya seftriaksoni kwa kawaida haiguswi, kwani sehemu yake hutoka kupitia nyongo. Hata hivyo, haichanganywi na maji ya dripu yenye kalsiamu, kama vile Ringer's lactate, kwa sababu huganda.

Saa ya kwanza

Dozi ya kwanza inafaa kutolewa katika muda wa saa moja tangu mgonjwa afike. Kwanza hutolewa damu ya kupimwa, kisha maji ya uti wa mgongo. Lakini ikiwa kuchukua maji hayo kutachelewa, pengine kwa kusubiri picha ya kichwa, dawa hutangulia. Vipimo husubiri dawa, dawa haisubiri vipimo.

Aliye katika zahanati ya mbali anaweza kudungwa sindano ya kwanza kabla ya kupakiwa kwenye ambulensi, hata kwenye msuli mshipa usipopatikana. Utafiti uliofanywa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2007, haukuona tofauti ya vifo kati ya waliopewa seftriaksoni kwa msuli na waliopewa kwa mshipa.

Kuna pia deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, miligramu 10 kila baada ya saa 6 kwa siku 4, ikianza kabla ya dozi ya kwanza au pamoja nayo. Mwaka 2002, utafiti wa watu wazima 301 barani Ulaya ulionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 15 hadi 7. Huko Malawi, miongoni mwa watu wazima 465 ambao wengi wao waliishi na virusi vya Ukimwi, dawa hiyo haikusaidia. Zaidi ya nusu walifariki katika makundi yote mawili.

Siku ngapi

Muda hutegemea bakteria aliyepatikana. Meningokoka huhitaji siku 5 hadi 7, numokoka siku 10 hadi 14, na listeria siku 21 au zaidi.

Meningokoka ndiye huzua milipuko katika ukanda unaotoka Senegal hadi Ethiopia, na Nairobi pia ilikumbwa mwaka 1989. Wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wa aina hii hupewa dawa ya kinga. Kwa mtu mzima, dozi moja ya siprofloksasini ya miligramu 500 hutosha.

Hatari ya duka la dawa

Vidonge vichache vya viuavijasumu vilivyonunuliwa bila cheti cha daktari haviwezi kufikisha dawa ya kutosha ubongoni. Vinachoweza kufanya ni kuficha bakteria, hata maabara ishindwe kumtambua. Jamaa wanapaswa kumweleza daktari kila dawa iliyomezwa, ikiwemo ya malaria.

Anayeishi na virusi vya Ukimwi huenda akawa na homa ya uti wa mgongo ya kuvu au ya kifua kikuu, ambayo haiponi kwa sindano hizi. Asipopata nafuu baada ya saa 48, uchunguzi hurudiwa.

Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria wa Hib mwaka 2001 na wa numokoka mwaka 2011. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuugua, anayemuuguza ana maswali mawili ya kumuuliza muuguzi: dozi ya kwanza imetolewa saa ngapi, na inayofuata ni saa ngapi. Dozi ya usiku ina uzito sawa na ya asubuhi.