Kabaka Mwanga Ukimbizini Magu na Bukumbi: Mhusika Asiyemaliziwa

Wanafunzi wa fasihi tumefundishwa kumtazama mhusika na kuuliza kama ni bapa au ni duara. Mhusika bapa ana sifa moja tu, na ukishaijua umemaliza. Katika makala haya nakusudia kulipeleka swali hilo nje kidogo ya riwaya na tamthilia, kwenye masimulizi ya historia, nikimchunguza Kabaka Mwanga wa Pili wa Buganda. Huyu ndiye mfalme anayetajwa kila panapozuka mjadala wa mapenzi ya jinsia moja katika Afrika Mashariki ya zamani. Anatajwa na wahubiri, anatajwa na wanasiasa, anatajwa hata kwenye vijiwe vyetu. Wanaokumbuka kwamba mtu huyu aliwahi kuwa mkimbizi huku kwetu, kusini mwa Ziwa Viktoria, ni wachache. Alikaa Magu, kisha Bukumbi, kuanzia mwishoni mwa 1888 hadi 1889, halafu akarudi kwao akakikalia kiti chake tena. Mimi nadai kwamba ni katika miezi hiyo ya ukimbizini Mwanga anapoacha kuwa mhusika bapa, na ni hapohapo wasimulizi wengi wanapomkimbia.

Tukumbushane kwanza kisa chenyewe. Mwanga alirithi kiti Oktoba 1884 baada ya kufa baba yake, Mutesa wa Kwanza. Alikuwa kijana ambaye hajafikisha hata miaka 20. Januari 1885 waliuawa vijana watatu wa misheni ya Kiprotestanti. Oktoba mwaka huohuo Askofu Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya kabaka, na Novemba akafuata Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana wa kasri, aliyethubutu kumlaumu mfalme kwa kifo cha askofu na ambaye, kwa mujibu wa masimulizi ya Kanisa, alikuwa akiwakinga vijana wasifikiwe na tamaa ya mfalme. Kilele kikawa Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, siku ambayo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto. Wakatoliki 22 miongoni mwa waliouawa miaka ile walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita Oktoba 1964, na kila mwaka mahujaji, wakiwamo wa kutoka Tanzania, humiminika Namugongo.

Kifani kisa hiki kimekamilika. Yupo mtawala dhalimu, wapo vijana safi, upo moto. Sababu za mauaji, hata hivyo, hazikuwa moja. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanza kujitwalia nchi za upande wa pwani, na kasrini kulikuwa na imani kwamba atakayeimeza Buganda atatokea mashariki, upande uleule alikotokea Hannington. Vijana waliojua kusoma walianza kuwa na Bwana mwingine juu ya kabaka. Kukikataa kitanda cha mfalme kulikuwa sehemu ya kutotii huko, na sidhani kama Mwanga mwenyewe angeweza kuitenganisha sehemu hiyo na nyingine. Hilo msimulizi wa mashahidi halimhusu sana. Kisa chake kinakwisha Juni 1886, na baada ya hapo mtesi hana kazi tena jukwaani.

Sasa tuwaangalie wasimulizi. Robert Ashe, mmisionari wa CMS aliyeishi karibu na kasri, alitoa kitabu chake Two Kings of Uganda mwaka 1889. Kitabu cha maisha ya mwenzake, Alexander Mackay, kilitayarishwa na dada yake Mackay na kutoka 1890. Hawa walikuwa watu wa enzi ya Malkia Victoria. Jambo lenyewe wanalizunguka zaidi kuliko kulisema. Maelezo yaliyotawala upande wa wamisionari ni kwamba Mwanga aliambukizwa tabia hiyo na Waarabu, na J. F. Faupel, katika African Holocaust ya mwaka 1962, bado anashikilia hivyo. Haya. Tupige hatua hadi siku zetu. Sheria ya Uganda ya 2014, iliyofutwa na Mahakama ya Katiba Agosti mwaka uleule, na ile iliyofuata ya 2023, zilitetewa kwa hoja kwamba mambo haya eti yameletwa na Wazungu. Huku kwetu kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, chenye adhabu ya kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30, nacho husikika kikitetewa kwa maneno hayohayo, ilhali mzizi wake ni sheria waliyotuwekea Waingereza mwaka 1930!

Hapo ndipo mhakiki anapopaswa kusimama kidogo. Mmisionari anamnyooshea kidole Mwarabu, mwanasiasa anamnyooshea Mzungu. Wote wawili wanakubaliana juu ya jambo moja: tabia hii lazima iwe na paspoti ya kigeni, iwe imevuka maji. Na wote wawili wanamhitaji Mwanga akiwa juu ya kiti chake, na wauaji wake wakiwa wamesimama mlangoni. Je, wanasema nini juu yake alipovuka maji yeye mwenyewe?

Mambo yalimwendea kombo Septemba 1888. Ilisadikiwa kwamba alipanga kuwapeleka wasomi wa dini zote, Waislamu na Wakristo, kwenye kisiwa na kuwatelekeza huko wafe njaa. Habari zikavuja, wasomi wakaungana, akapinduliwa. Kiti akapewa ndugu yake Kiwewa, na mwezi uliofuata Kalema. Mwanga akaingia mtumbwini na wafuasi wachache, akalivuka ziwa kuelekea kusini mpaka Magu.

Magu ya wakati ule ilikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, tawi la njia ndefu ya misafara iliyopitia Tabora kutoka pwani. Pembe zilishuka, nguo na bunduki zikapanda. Kwa vyovyote Kiswahili hakikuwa kigeni kwa mtu aliyelelewa katika kasri la Mutesa, ambamo lugha hiyo ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Lakini wenyeji wake hawa, ambao vitabu vinasema ndio waliomfundisha ubaya wote, walimpokea kisha wakambana. Walimnyang'anya mali aliyokuja nayo na kumweka katika hali ya nusu mfungwa. Yaani yule aliyezoea watu kuanguka kifudifudi mbele yake sasa aliishi kwa hisani ya wachuuzi. Nchi yenyewe ilikuwa nyingine. Muganda ni mtu wa ndizi, na hapa alikuwa katika nchi ya mtama, uwele na ng'ombe. Wasukuma walikuwa na watemi wao, na hakuna mtemi aliyekuwa na sababu ya kumsujudia kabaka aliyefukuzwa.

Natamani tungekuwa na mtu wa kutusimulia asubuhi na jioni za Magu kama Aniceti Kitereza alivyotusimulia za Ukerewe. Katika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alizoziandika kwa Kikerewe mwaka 1945 na ambazo tulizipata kwa Kiswahili mwaka 1980, Kitereza hana haraka. Anaeleza watu wanavyovua, wanavyowinda, wanavyopika pombe, wanavyougua na kuaguliwa, mpaka msomaji anahisi moshi machoni. Mambo ya ndoa na ya kitandani nayo yana nafasi yake humo, yakiwa sehemu ya maisha kama kulima. Mwanga hakupata mwandishi wa namna hiyo. Walioandika habari zake walikuwa ama wamechukizwa na dhambi zake ama wanangojea toba yake.

Toba nayo ilikuja, au walau ilianza. Kutoka Magu Mwanga aliomba hifadhi kwa wamisionari, na Mapadri Weupe wakampokea Bukumbi. Anayesafiri leo kutoka Mwanza kupitia Usagara kwenda Kigongo hupita jirani na mahali hapo. Misheni ile ilianzishwa mwaka 1883, baada ya mapadri kuondoka Buganda kwa mara ya kwanza. Sasa hebu tuitazame nyumba hiyo na waliomo. Padri Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, aliwajua wale vijana wa Namugongo kwa majina; wengine aliwafundisha na kuwabatiza yeye mwenyewe, na alikwenda kasrini kuwaombea bila kufanikiwa. Naye pia alikuwa mkimbizi. Oktoba 1888 utawala mpya uliwafukuza wamisionari wote, Wakatoliki kwa Waprotestanti, wakapakiwa katika mashua moja, Eleanor, ambayo ziwani ilitobolewa na kiboko ikapinduka, na baadhi ya vijana waliokuwamo wakafa maji. Waliookoka walifika Usambiro kwa Mackay, na mapadri wakaendelea hadi Bukumbi. Muda si muda akafika hapo aliyewaua wanafunzi wao. Wakampa mahali pa kulala, wakaanza kumfundisha katekisimu.

Kwa kweli sijui tamthilia ya Kiswahili yenye onyesho la uzito kama huo. Wakimbizi wa pande mbili chini ya paa moja, na kati yao wale wafu. Lakini msimulizi wa mashahidi anaipita Bukumbi haraka, kwa kuwa dhalimu anayesomeshwa sala na padri anaiharibu fani yake. Mwanasiasa naye haihitaji, kwa sababu mtu asiye na mamlaka hatishi.

Na hapa nifike kwenye jambo ambalo baadhi ya wenzangu huenda wasilipende. Siku hizi wapo pia wanaomchukua Mwanga kama babu yao, ushahidi kwamba watu wa namna yao walikuwapo Afrika tangu kale. Naielewa haja yao. Anayeambiwa kila siku kwamba yeye ni mgeni kwao lazima atatafuta kaburi la jamaa yake. Hata hivyo mfalme anayeweza kukuua ukimkatalia si mfano wa mapenzi, awe anamtaka mwanamume au mwanamke. Kijana wa kasri hakuwa na neno la hiari. Tukimsafisha Mwanga kwa kuwasahau vijana hao, tutakuwa tumefanya kosa lilelile la kumchora bapa, tofauti ni rangi tu. Ndiyo maana narudi Magu na Bukumbi. Huko hakuwa na mnyongaji. Mtu aliyebaki naye katika umaskini ule alikuwa na njia ya kuondoka, maana ziwa lilikuwa wazi na Buganda ilikuwa na mfalme mwingine. Swali la nani alikuwa mpenzi wa nani, na kwa hiari gani, linaanza kuwa swali la kweli pale tu woga unapopungua. Wasimulizi wetu waliliuliza palipokuwa na woga mwingi, wakaacha kuliuliza woga ulipokwisha.

Kuhusu jina la kumwita, nashauri tahadhari. Neno shoga, ambalo vijiweni humwangukia Mwanga mara moja, katika Kiswahili cha wanawake wa pwani ni rafiki, na maana yake nyingine haina uhusiano wowote na kasri la Buganda. Waganda wana usemi wao wa kuitaja tabia hii, na usemi huo hutaja tendo. Hautaji aina ya mtu. Neville Hoad, katika African Intimacies ya mwaka 2007, anafika mbali zaidi na kuuliza kama ni sahihi hata kuliita jambo lile kwa jina la kisasa. Samwiri Lwanga-Lunyiigo naye, katika kitabu chake cha 2011, anamsawiri Mwanga kama mpinzani wa ukoloni. Tena mtu huyu alikuwa na wake wengi, na watoto. Mimi siyaoni haya kama majibu yanayofutana. Mtu mmoja anaweza kuyabeba yote, na hiyo ndiyo maana ya kuwa duara.

Alirudi kwao mwaka 1889. Aliyembeba ni Charles Stokes, Mwairishi aliyeacha umisionari wa CMS, akaoa Unyamwezi na kugeuka mfanyabiashara wa pembe na bunduki. Wakristo waliokimbilia Nkore, yaani hao hao aliowatesa, ndio waliomtaka arudi, maana Kalema alikuwa amewalemea zaidi. Alishindwa bara, akajishikiza visiwani, na Oktoba akaingia mji mkuu. Akautoka tena, akaurudia Februari 1890.

Wakati anavuka kwenda Magu ziwa halikuwa na mpaka wa Wazungu. Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kulikata katikati kwa mstari, na alipokimbia tena kuja kusini mwaka 1897, baada ya kushindwa na Waingereza Buddu, mstari ulikuwapo. Safari hii hakupokewa na mchuuzi wala padri. Wajerumani walimkamata na kumweka kizuizini. Akatoroka, akapigana, akakamatwa Aprili 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, wakapelekwa Shelisheli. Huko ndiko alikobatizwa hatimaye, tena na Waanglikana, kwa jina la Danieri. Kazi iliyoanzwa na mapadri wa Bukumbi ikamaliziwa na wapinzani wao.

Alifariki Shelisheli Mei 1903, akiwa na miaka kama 35. Mwaka 1910 mifupa yake ilirudishwa Buganda na kuzikwa Kasubi, alikolala Mutesa. Kabaka aliyekuwa madarakani siku hiyo ni mwanawe, Daudi Chwa, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu baba yake alipokamatwa.