Mayai Yasipoanguliwa: Funzo Kutoka Misri

Kuangulisha mayai bila kuku si jambo la jana. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Wamisri waliyafukia mayai kwenye samadi yapate joto. Baadaye walijenga matanuri ya matofali ya udongo. Kipimajoto hawakuwa nacho: fundi aliligusisha yai kwenye kope la jicho lake, akajua kama joto limezidi. Tena aliyageuza mayai.

Basi, ndugu, ukipasua yai ukakuta kifaranga amekufa ndani, usimlaumu jogoo. Yeye kazi yake alifanya. Jiulize: joto lilikaa karibu nyuzi 38 za Sentigredi? Mayai niliyageuza mpaka siku ya 18? Maji yalikuwamo? Siku ni 21, usichoke. Kwaherini.