Wajumbe wa Baraza la Virginia

Baraza hili lilikutana kwa mara ya kwanza Jamestown, Julai 1619, likiwa na wajumbe 22. Baadaye lilihamia hapa Williamsburg, na kila kaunti ikatuma wajumbe wawili. Mpiga kura alikuwa mwanamume Mzungu mwenye ardhi, naye alitaja chaguo lake kwa sauti, mgombea akimsikia. George Washington alishindwa uchaguzi wa baraza hili mwaka 1755, akashinda 1758. Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya tumbaku, ambao jasho lao ndilo lililowatajirisha wengi wa wajumbe hawa, hawakuwa na kura, wala wanawake. Dhuluma hiyo isisahaulike. Mei 1774 Gavana Dunmore alilivunja baraza. Kesho yake wajumbe walikutana katika nyumba ya wageni ya Raleigh.